Pakiti Inapungua, Bei Inapanda: Namna ya Kujitengenezea Unga na Mkate Usio na Gluteni

Kila mara nikiandika kuhusu vyakula visivyo na gluteni (protini iliyomo kwenye ngano na shayiri), narudishiwa malalamiko mawili. La kwanza ni la duka: "Pakiti ni ile ile, lakini siku hizi haimalizi wiki." La pili ni la jikoni, na huja na picha: "Nimejaribu kusaga mwenyewe, nimeoka, nimetoa tofali."

Yote mawili yanatibika kwa mizani ya jikoni. Mwongozo huu umeandikwa nikiwa Dar es Salaam, kwa hiyo bei na masoko ni ya huku. Kanuni zenyewe zitakufaa Mombasa, Kigoma au Bujumbura, kwa sababu mtama, mchele na muhogo havihitaji kupanda meli kukufikia.

Onyo moja kwanza. Kama unahisi tu kwamba ngano inakudhuru na hujapimwa, usiache ngano leo. Kipimo cha damu cha seliaki, ugonjwa ambao mwili hushambulia utumbo wake mtu akila gluteni, kinatafuta dalili za mwili kupambana na gluteni. Ukiacha kuila kabla ya kipimo, jibu linaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Nenda kapimwe kwanza ukiwa bado unakula kama kawaida.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

Vifaa:

- Mizani ya jikoni ya digitali inayosoma gramu. Hiki usikiruke. Kikombe cha unga wa mchele na kikombe cha unga wa mtama havina uzito sawa, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuharibu mkate.
- Chungio jipya, mwiko mpya, na ungo ambao haujawahi kuguswa na unga wa ngano. Vya zamani wape jirani. Chungio lina matundu yanayoshika unga, na mwiko wa mti una nyufa, havioshwi vikatakata.
- Madumu au ndoo zenye mifuniko inayobana.
- Chombo cha kuokea mkate chenye urefu wa sentimita 23 hivi.
- Daftari. Simu pia inafaa, ila daftari halizimi chaji.

Vyakula:

- Mchele. Chenga zinatosha kabisa, ukisaga hakuna atakayejua.
- Mtama mweupe. Mwekundu nao ni salama, lakini una ukakasi unaobaki mdomoni.
- Unga wa muhogo kutoka kwa mtu unayemjua. Muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri una sumu ya sianidi, kwa hiyo hapa urahisi wa bei usikuvute.
- Isapgoli, yaani maganda mepesi ya mbegu yanayouzwa kwenye maduka ya viungo ya Wahindi (mimi hununua Kisutu) na kwenye famasi kama dawa ya choo kigumu. Chukua yale makavu matupu. Ya pakiti ndogo zenye ladha ya chungwa yana sukari au vitamu vingine, na tindikali. Hayo waachie wagonjwa.
- Hamira kavu, mafuta, sukari, chumvi, na siki nyeupe au limau. Siki ya kimea hapana, inatokana na shayiri.

## Hatua ya 1: Soma bei ya kilo, achana na bei ya pakiti

Hapa ndipo wengi wanapoliwa bila kujua. Jicho limezoea rangi ya pakiti na tarakimu ya bei. Mtengenezaji anajua hivyo, kwa hiyo anagusa tarakimu ya tatu ambayo hakuna anayeitazama: uzito, ulioandikwa kwa herufi ndogo pembeni.

Chukua mfano. Mwaka jana pakiti ya unga ilikuwa gramu 500 kwa shilingi 9,000. Leo ni gramu 400 kwa shilingi 9,600. Ukitazama bei, imepanda shilingi 600 tu, unasema maisha ndiyo hayo. Sasa gawa bei kwa gramu, kisha zidisha kwa 1,000:

- Mwaka jana: 9,000 ÷ 500 × 1,000 = shilingi 18,000 kwa kilo.
- Leo: 9,600 ÷ 400 × 1,000 = shilingi 24,000 kwa kilo.

Kumbe bei imepanda kwa theluthi nzima.

Andika kila bidhaa isiyo na gluteni unayonunua: tarehe, bei, gramu, bei ya kilo. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja. Piga picha upande wenye uzito, maana pakiti ikibadilishwa hutakumbuka ya zamani iliandikwaje. Angalia pia biskuti na mikate ndani ya mfuko: siku hizi kuna trei za plastiki zenye kina kirefu na hewa nyingi, pakiti inabaki na kimo chake wakati vipande vimepungua.

Watu huuliza kama huu ni wizi wa kushtakiwa. Pakiti ikiandikwa gramu 500 na ndani kukawa na 450, huo ni udanganyifu wa vipimo, peleka taarifa kwa Wakala wa Vipimo. Lakini ikiandikwa 400 na ndani kuna 400 kweli, mwenye mali amekwambia, ila kwa sauti ya chini. Ufaransa, tangu Julai 1, 2024, maduka makubwa yanatakiwa kubandika tangazo kwenye bidhaa iliyopunguzwa ujazo bila bei kushuka. Huku tangazo lako ni daftari lako.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja bei ya kilo ya mkate unaonunua bila kutazama popote.

## Hatua ya 2: Gawa orodha mara mbili

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika vitu ambavyo vingekuwa havina gluteni hata bila nembo ya "bila gluteni": wali, ugali, maharage, viazi, ndizi, mayai, samaki, kunde. Kulia andika vile vinavyoiga ngano: mkate, tambi, biskuti, unga wa keki.

Pesa yako inavujia upande wa kulia. Vitu hivyo ni ghali kwa sababu zinazoeleweka: kiwanda kinahitaji mashine zisizopitisha ngano, kila toleo linapimwa, wateja ni wachache, na kwetu juu ya hayo kuna meli na ushuru. Sibishani na sababu. Nabishana na wewe unayenunua *unga wa mchele* wenye nembo kutoka ng'ambo wakati mchele wa Kyela uko sokoni.

Mimi ninachoendelea kununua ni tambi peke yake. Nimejaribu kuzitengeneza nyumbani mara tatu, na mara zote tatu tumekula uji.

## Hatua ya 3: Nunua nafaka nzima na uichambue

Nunua nafaka, usinunue unga wa kupimiwa kwenye gunia. Muuzaji anayechota mtama kwa kopo lile lile analochotea ngano hana nia mbaya, lakini hesabu inamkataa. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Gramu moja tu ya unga wa ngano ina gluteni kama miligramu 80 hadi 100. Maana yake robo gramu, vumbi la ncha ya kisu, ikiingia kwenye kilo nzima ya unga wako, umefika mpakani.

Mwaga nafaka kwenye ungo kidogo kidogo, mchana, karibu na dirisha. Toa mawe, toa punje zilizooza, toa kila punje isiyofanana na wenzake. Punje ya ngano ni ndefu na ina mfereji katikati, mtama ni mviringo, kwa hiyo inaonekana. Kisha osha, chuja, anika juani juu ya mkeka safi mpaka punje ivunjike kwa meno bila kulainika. Nafaka ikisagwa na unyevu huota ukungu dumuni, na ukungu una sumu zake.

## Hatua ya 4: Kusaga, mahali wengi wanapoangukia

Mashine ya mtaani inasaga mahindi siku nzima, na mahindi hayana gluteni. Tatizo ni uji wa lishe. Akina mama wengi huleta mchanganyiko wenye ngano ndani yake, unasagwa hapo hapo, na unga unabaki kwenye mawe, kwenye mfuko na kwenye kuta.

Usimuulize mwenye mashine, "Je, mashine yako ni safi?" Atakujibu ndiyo, na kwa maana yake ni kweli. Muulize hivi: "Unga wa lishe mnasaga kwenye mashine ipi?" Kama ana mashine mbili na ya dona haijawahi kuguswa na lishe, umepata. Nenda asubuhi kabla hajaanza. Tanguliza kilo 2 za mchele wa kusafishia, unga huo wape kuku, ndipo usage wako. Nenda na mfuko wako mwenyewe wa kukingia.

Kama mashine ni moja na lishe hupita humo, ondoka. Kwa mwenye seliaki, kilo mbili za kusafishia hazitoshi kufuta ngano ya jana. Saga nyumbani kwa mashine ndogo ya viungo, gramu 200 kwa zamu, ukiipumzisha isiungue. Inachosha, sitakudanganya. Kilo 3 hunichukua karibu saa nzima na masikio yanavuma hadi jioni.

Chunga unga mara mbili. Chenga zinazobaki rudisha kusagwa, maana ukiziacha zitakuwa mchanga ndani ya mkate.

Utajua umefanikiwa ukisugua unga kati ya vidole na kuhisi poda, bila mikwaruzo.

## Hatua ya 5: Changanya unga mama

Unga mama ni mchanganyiko wa msingi utakaoutumia kwenye kila mkate. Kwa kilo 10:

- Unga wa mchele kilo 4
- Unga wa mtama kilo 3
- Unga wa muhogo kilo 3

Mchele unaleta mwili na rangi nyepesi. Mtama unaleta ladha ya nafaka, bila huo mkate unaonja kama karatasi. Muhogo unavuta na kushikanisha. Ukizidisha muhogo ili uokoe pesa, mkate utanata kama ubani. Ukiuondoa, utavunjika ukiutazama.

Changanya makundi madogo ndani ya ndoo kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa. Andika tarehe juu ya dumu. Unga wa mtama una mafuta yake ya asili na huchacha, kwa hiyo tengeneza wa mwezi mmoja na nusu tu.

Gharama? Weka bei za soko lako, lakini huu ndio mfano wa hesabu: chenga za mchele kilo 4 kwa 2,200 ni 8,800, mtama kilo 3 kwa 2,000 ni 6,000, muhogo kilo 3 kwa 2,500 ni 7,500, usagaji 2,000, na mchele wa kusafishia mashine 4,400. Jumla 28,700, yaani shilingi 2,870 kwa kilo. Irudie ile pakiti ya Hatua ya 1, kisha endelea kusoma ukiwa umekaa.

Jambo moja la afya lisipite. Unga wa ngano wa viwandani huongezewa madini ya chuma na foliki. Unga wako haukuongezwa kitu. Hakikisha mezani kuna maharage, mboga za majani na dagaa, na mjamzito aulize kliniki kuhusu vidonge vyake.

## Hatua ya 6: Mkate wenyewe

Kwa mkate mmoja pima:

- Unga mama gramu 400
- Isapgoli gramu 24
- Maji ya vuguvugu mililita 480
- Hamira gramu 7
- Sukari gramu 20
- Chumvi gramu 8
- Mafuta gramu 30
- Siki nyeupe au maji ya limau kijiko 1 cha chai

Kwanza, ute. Mimina isapgoli kwenye mililita 330 za maji, koroga haraka, acha dakika 5. Itakuwa rojo zito linalovutika kama bamia. Huu ndio uti wa mgongo wa mkate. Kazi ya gluteni kwenye ngano ni kushika hewa ya hamira. Hapa anayeishika ni ute huu. Walionitumia picha za tofali, karibu wote waliimwaga isapgoli kavu pamoja na unga au waliiacha kabisa.

Pili, amsha hamira kwenye maji yaliyobaki pamoja na sukari. Baada ya dakika 10 lazima povu liwepo. Hakuna povu? Hamira imekufa, mwaga, tafuta nyingine. Kuendelea ni kupoteza unga.

Tatu, unganisha. Unga na chumvi, kisha ute, hamira, mafuta, siki. Kanda kwa mkono uliolowa dakika 5, ukivunja mabonge ya ute. Usitegemee donge la chapati. Likitoka laini na linanata kidogo, kati ya ugali laini na udongo wa mfinyanzi, ndilo lenyewe. Mkono utakuvuta uongeze unga. Uzuie. Unga mkavu zaidi ndio mwanzo wa tofali.

Nne, umua mara moja tu. Weka kwenye chombo kilichopakwa mafuta, sawazisha juu kwa kijiko kilicholowa, funika kwa kitambaa. Kwa joto la Pwani dakika 35 hadi 45 zinatosha; Mbeya au Arusha kwenye baridi inaweza kufika saa nzima. Ukisubiri uongezeke mara mbili kama wa ngano, utapanda vizuri sana, halafu utazama ukiwa ndani ya moto. Upeleke motoni ukiwa umeongezeka nusu tu.

Tano, oka. Kwenye ovena nyuzi 200 kwa dakika 60 hadi 65. Kwa mkaa, tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, weka chombo juu ya mchanga, funika, kisha palia: moto mdogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Ni ufundi ule ule wa mkate wa kumimina, bibi zetu hawakuwa na ovena. Hesabu saa moja na robo hivi. Mkate ulioiva hulia mtupu ukiugonga chini kwa kidole. Mwenye kipimajoto aone nyuzi 97 katikati.

Sita, usikate. Najua harufu. Wanga wa mchele na muhogo unaendelea kujiseti wakati mkate unapoa. Ukikata ukiwa na moto, katikati utakuta gundi na utadhani haukuiva. Utoe kwenye chombo, uweke juu ya wavu, ondoka jikoni kwa saa 2. Watoto wangu nawapeleka nje.

Utajua umefanikiwa kipande kikikunjwa kidogo bila kukatika, vitundu vikiwa vidogo na vingi, na kisu kikitoka bila utando.

Mkate huu hutoka na gramu 800 na kitu. Kwa bei za mfano wetu, ukijumlisha isapgoli na mengineyo, unagharimu kama shilingi 2,600, umeme au mkaa mbali. Siku ya pili ni mtamu ukichomwa. Siku ya tatu kata vipande ugandishe, usiuache mezani.

## Mkate ukigoma

Umezama katikati: umeumuka kupita kiasi, au maji yamezidi. Punguza dakika za kuumua kwanza, usiguse vitu viwili kwa mara moja, hutajua kilichokuponza.

Mzito na mfupi: isapgoli kidogo, hamira mbovu, au uliongeza unga.

Unanata siku nzima: haukuiva ndani, au ulikatwa mapema. Ongeza dakika 10 za moto, ukifunika juu usiungue.

Unavunjika kama mchanga: unga bado una chenga. Rudi kwenye chungio.

Ukishindwa mara tatu mfululizo, pumzika na uende kwenye mapishi ambayo hayakuwahi kuijua ngano. Roweka mchele usiku, usage na tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Una vitumbua, au ukiongeza ute wa yai una mkate wa kumimina. Hivyo fanya nyumbani, usinunue barabarani. Wapo wanaotia konzi ya unga wa ngano ili kitumbua kishikane, na karai la mafuta mara nyingi ndilo lililokaangia maandazi asubuhi. Ukinunua viungo vya bajia, soma pia pakiti ya hingi (kiungo cha harufu kali): ya unga mara nyingi imechanganywa na ngano.

## Hatua ya 7: Rudi dukani na daftari

Kila mwisho wa mwezi pitia upya vitu vilivyobaki upande wa kulia. Tambi zangu, kwa mfano, zilipotoka gramu 500 hadi 400, nilizihamisha kutoka mara mbili kwa wiki hadi Ijumaa tu. Nilipokuta duka jingine lenye pakiti kubwa kwa bei ya kilo iliyo nafuu, nilinunua ya miezi miwili. Angalia tarehe ya mwisho kabla ya kujaza kabati, na soma viambato hata kwenye chapa uliyoizoea, kwa sababu wanaobadilisha ujazo wakati mwingine hubadilisha na mapishi.

Na ile mizani itoe kabatini mara moja moja uipime pakiti yenyewe ikiwa imefungwa. Ikiwa na plastiki yake yote bado iko chini ya gramu zilizoandikwa, usiifungue. Irudishe na risiti.